Barua ya udahili imetangulia, usaili bado

Mtwara, mwishoni mwa Januari

Barua ya udahili niliyoipokea wiki iliyopita kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani imefika mapema kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa vyuo viwili vingine nilivyoomba bado havijanifanyia usaili: kimoja kimenipangia Februari, kingine katikati ya Machi. Barua inaniahidi nafasi ya shahada ya uzamivu katika magonjwa ya mimea, ada yote kulipwa, posho ya kujikimu, bima ya afya, na msimamizi ambaye maabara yake inachunguza kuvu wanaoshambulia miti ya matunda. Kwangu mimi, niliyekulia kwenye mikorosho na kuona ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, ukikausha maua huku wazazi wakihangaika kutafuta salfa, hilo ni jambo kubwa. Nilifurahi mno nilipoisoma, na furaha hiyo ningali nayo. Hata hivyo sijaandika kwamba nimekubali.

Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili la nchi hiyo, linalosema kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Chuo hiki kimo miongoni mwao, na barua yenyewe imeitaja tarehe hiyo. Profesa, kwa upande wake, ameniandikia kwa upole kwamba angefurahi kupata jibu mapema, na ninamwelewa, maana naye ana bajeti ya kupanga na waombaji wengine wanaomsubiri. Nilimjibu kesho yake. Nilimshukuru, nikamweleza wazi kwamba nina usaili kwingine, kisha nikamwomba anijibu kwa maandishi yale ambayo barua haikuyasema: posho inalipwa kwa miezi 9 au 12, nani atanilipa iwapo ruzuku yake ya utafiti itakwisha kabla sijamaliza, na wanafunzi wake waliotangulia walichukua muda gani. Naamini kukaa kimya kungekuwa kumvunjia heshima zaidi kuliko kumwambia kwamba bado ninatafakari.

Mama, aliye Newala, aliisikiliza habari yote kwenye simu akaipima kwa kipimo cha chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima ambao korosho zao huuzwa kwa mnada. "Mwanangu," alisema, "bei ya mnada wa kwanza si lazima uipokee, ila ukiikataa ukumbuke kwamba korosho bado ziko ghalani." Anajua anachokisema, kwa sababu alikuwapo Oktoba 2018, wakulima wa Newala na Tandahimba walipozikataa bei za wanunuzi na kubaki wakingoja bila kujua mwisho wake. Nimelichukua onyo lake. Lakini kuna jambo moja ambalo mnada haulifundishi: gunia langu likikaa ghalani halimzuii jirani kuuza lake, ilhali nafasi ninayoishikilia bila nia ya kuitumia ni nafasi ya mtu aliyeko kwenye orodha ya akiba, ambaye pengine hana barua nyingine yoyote.

Ndiyo maana nimeupima kila usaili kwa swali hili: chuo hiki kikinipa nafasi, je, kweli nitakiacha kile kilichokwisha kunikubali? Kwa chuo cha Februari jibu ni kwamba huenda nikafanya hivyo. Huko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitia maabara kadhaa, wiki kadhaa kila moja, ndipo achague msimamizi, na kwa mtu atakayeishi mbali na kwao kwa miaka mitano au zaidi chini ya profesa mmoja, fursa ya kuwafahamu watu kabla ya kujifunga kwao ina uzito mkubwa. Profesa niliyenaye sasa ananipa mada ninayoipenda, lakini tumeonana kwenye kioo cha kompyuta tu.

Kwa chuo cha Machi jibu ni hapana. Kina jina kubwa, na kaka yangu amenisihi nifanye usaili wake hata kama ni kwa ajili ya uzoefu. Nimemsikiliza kwa heshima, lakini sikukubaliana naye, kwa sababu hakuna mtu pale anayefanya kazi inayokaribia magonjwa ya mikorosho, na walimu watakaonihoji wangetumia saa zao kunipima kwa nafasi ambayo moyoni nimekwisha kuiacha.

Barua ya kujiondoa niliituma jana usiku, fupi na yenye shukrani. Usaili wa Februari utafanyika saa nne asubuhi kwa saa za kwao, yaani saa kumi na mbili jioni hapa Mtwara, na nimeomba chumba cha ofisi chenye intaneti ya uhakika. Profesa nimemwahidi kwamba, chuo hicho kikishatoa uamuzi wake, nitampa jibu ndani ya wiki moja, bila kungoja Aprili.