Kumbukumbu ya 504: kutoka taa nyekundu mpaka mabaki kurudi nyumbani

Mara ya mwisho niliandika kwamba imebaki mipira ya milango ya nyuma na ile saa ya dashibodi tu, halafu 504 yangu imekamilika. Sasa hivi gari haina nyuma wala mbele, na miezi minne iliyopita nimeshika makaratasi ya bima zaidi kuliko nilivyoshika spana. Nimeamua kumbukumbu iendelee hivyohivyo, maana hii nayo ni kazi ya gari, na kama ningeisoma mahali kabla haijanikuta ningeokoa muda mwingi sana.

Kwa wasioijua, ni Peugeot 504 ya 1974, saluni, injini ya petroli cc 1971, gia za kwenye usukani. 504 zilitoka 1968, mwaka 1969 ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, ndo maana wengi wanaiona gari ya kawaida tu iliyozeeka. Hilo la "kawaida" likumbukeni, litarudi. Mzee wangu alinifundisha kuendesha kwenye 504, siyo hii, ila nyeupe ileile ya maziwa. Hii niliipata sakafu ya upande wa dereva imeliwa yote na kutu, nikakaa nayo miaka sita.

Siku ya 1
Nimesimama taa nyekundu, mbele yangu lori, nyuma pikapu haikusimama. Ikanipiga, ikanisukuma mpaka chini ya lori. Tulitoka wazima wote, mimi shingo tu ilikaza, tukamshukuru Mungu. Nikashuka nikaenda nyuma kwanza. Wenye 504 wanaijua ile buti, mfuniko unashuka halafu katikati unakunja ghafla, mstari mmoja umenyooka kutoka kushoto mpaka kulia, kazi ya Pininfarina ile, wachoraji wa magari wa Italia. Mstari ule mimi na fundi rangi tulikaa nao wiki tatu, tunapaka pati tunasaga, tunapaka tunasaga, mpaka ukanyooka. Sasa haukuwepo. Nikaweka ufunguo kwenye kitasa cha buti, ukazunguka vizuri kabisa, nikasikia klik, na buti isifunguke. Nikazungusha tena. Na tena. Sijui nilirudia mara ngapi, mpaka askari akaja akanishika bega.

Picha nilipiga nyingi, za barabara, za matairi ya pikapu, namba, alama za breki, na gari pande zote kabla haijasogezwa, na hapo nilifanya vizuri. Nilipokosea ni pa bredauni. Niliwaacha waipeleke kwenye yadi waliyochagua wao, na yadi inachaji kwa siku, na kumbe bima yangu inabeba gharama za yadi kwa siku chache tu baada ya hapo ni zako. Ukiweza gari ipeleke kwako au kwa fundi wako siku ileile, ila asiiguse mtu mpaka asesa, yule mkaguzi wa bima, aione.

Siku ya 3
Klemu, yaani madai ya kulipwa, unaweza kuipeleka kwa bima ya aliyekugonga, au kwa bima yako mwenyewe kama una bima kubwa, wao walipe halafu wakamdai yule wa pili kwa niaba yako. Nimechagua yangu. Utabeba ile sehemu ya kwanza ya hasara mwenyewe, ndiyo, ila unaongea na watu ambao una mkataba nao, wana wajibu kwako. Bima ya mwenzako haina mkataba na wewe. Ile sehemu yangu ya kwanza nimewaambia kwa maandishi waidai pamoja na yao.

Siku ya 9
Asesa kafika yadi. Kijana mpole, ana adabu, na alikaa dakika kumi na mbili. Hakulala chini kuangalia. Alipomaliza akatoa maka nyeupe akaandika kwenye kioo cha mbele herufi mbili, T na L, ndefu kama kiganja. Nikamuuliza ndo nini hiyo, akasema total loss, hasara kamili mzee, gari ya mwaka huu haitengenezeki kwa hesabu. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kioo, ndani, naona zile herufi kwa nyuma, zimegeuka. Sikuweza kumjibu.

Siku ya 15
Ofa ya kwanza imekuja. Ni kama theluthi moja ya kile kiasi kilichoandikwa kwenye bima yangu, kiasi ambacho ndo nimekuwa nikilipia ada kila mwaka. Nikapiga simu kwa hasira, dada wa klemu akaniambia kwa upole soma ukurasa wa nne. Nikasoma. Imeandikwa watalipa thamani ya soko ya gari muda mfupi kabla ya ajali AU kiasi cha bima, kile kilicho kidogo.

Yaani miaka yote nilidhani ile namba ni ahadi, kumbe ni kikomo. Hawatazidisha hapo, ila kushuka wanaweza kushuka wanavyoona. Kuna aina nyingine, ya thamani iliyokubaliwa, ambapo nyie wawili mnakaa kabla, gari inakaguliwa, mnaandika gari hii thamani yake ni kadhaa, na ikiangamia wanalipa hiyo bila mjadala wa soko. Mimi sikuwa nayo. Sikujua hata kwamba ipo.

Usiku nikawa nasoma, sikupata usingizi. Kumbe mambo haya yametoka baharini. Sheria ya bima ya meli ya Uingereza ya 1906, kifungu cha 27, inasema thamani ikishakubaliwa kwenye mkataba imekubaliwa, labda kuwe na udanganyifu. Na kifungu cha 60 ndo chenye hesabu ya yule kijana: meli ikiharibika kiasi kwamba kuitengeneza kutazidi thamani yake ikishatengenezwa, inahesabika imepotea hata kama bado inaelea. Nilikaa nikiiwaza ile sentensi. 504 yangu bado inaelea. Injini inawaka, nimeiwasha yadini, kaibureta haivuji. Imepotea kwenye karatasi tu, kwa sababu thamani yake imewekwa ndogo. Kwa hiyo ugomvi wangu siyo gharama za matengenezo, ni thamani.

Siku ya 16 mpaka ya 30
Wiki mbili hizi nilizitumia vibaya na nataka niseme vizuri kwa nini. Nilikusanya risiti zote za miaka sita, nikajumlisha, nikawapelekea, nikisema hiki ndo nimeweka humu ndani. Wakajibu barua ya mistari mitatu: gharama uliyotumia siyo thamani ya gari. Iliniuma, lakini wako sahihi. Mtu anaweza akatia pesa nyingi kwenye gari na sokoni ikauzwa nusu yake, sote tunaopenda magari ya zamani tunalijua hilo hata kama hatulisemi. Bima kazi yake ni kukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, siyo kukulipa jasho.

Risiti zina kazi nyingine, zinaonyesha HALI. Sakafu mpya, breki mpya, injini imefunguliwa lini, rangi lini. Basi nikazipanga upya, siyo kwa pesa, kwa sehemu za gari, kila risiti na picha yake na tarehe. Na hapo ndo hii kumbukumbu ikaniokoa jamani. Miaka sita naandika hapa kila Jumapili kwa sababu napenda tu, leo nimechomelea hiki, leo nimefunga kile, picha ya chini, picha ya ndani ya mlango kabla ya kufunga kava lake, hata picha za kutu. Ushahidi wa tarehe uliopigwa kabla mtu hajafikiria klemu. Asesa aliandika "hali: ya wastani kwa umri." Nikamjibu kwa picha arobaini na mbili.

Siku ya 34
Nimewaomba kwa maandishi wanionyeshe thamani yao waliipataje, magari gani walilinganisha. Ombeni hili mapema, mimi nilichelewa. Jibu likaja: wamelinganisha na 504 tatu. Moja ni ya mizigo. Moja inauzwa haina injini. Ya tatu ni ya dizeli, imeanguka, inauzwa kwa spea. Hapo ndo lile "gari ya kawaida" nililosema. Zilitengenezwa nyingi, lakini iliyo nzima, saluni, bodi haina kutu, hiyo siyo ya kawaida tena.

Nikaanza kutafuta zinazofanana kweli. Nimepata tano, mwaka karibu na wangu, injini ileile, zimefanyiwa kazi. Nikatoa hata moja iliyokuwa na bei ya juu sana kwa sababu ilikuwa kupe, ile ya milango miwili, na kupe ni gari nyingine kabisa, na ukiweka kitu kama hicho wanakiona na hawakuamini tena kwa mengine. Nikaita na asesa wa kujitegemea, mzee mmoja aliyewahi kuzifungua gari hizi kwa mikono yake, nikamlipa mwenyewe.

Siku ya 41
Mzee kaja na gunia, kalitandika chini, kalala. Kakaa huko kama robo saa nasikia tochi tu ikigonga vyuma. Akaniita, njoo uone. Kwenye 504 propela shafti, kile chuma kinachopeleka nguvu nyuma, imefunikwa na bomba refu, mwisho mmoja umefungwa gia boksi, mwisho mwingine difu, kwa hiyo pigo la nyuma halikai nyuma, linasafiri na bomba mpaka mbele. Akanishika kidole akakipitisha kwenye mshikio wa gia boksi. Kuna ufa, unaingia ukucha.

Hapo nikaona njia panda. Ufa ule ukiingia kwenye ripoti, gharama ya matengenezo inapanda, na gharama ikipanda ndo gari inazidi kuwa hasara kamili. Nikimwambia aufiche, labda wanaitengeneza. Nilifikiria, siwezi kusema sikufikiria. Mzee akaniangalia tu. Nikamwambia andika kila kitu. Mkataba wa bima unataka ukweli pande zote, na kilichonipa nguvu ya kuwabana juu ya thamani ni kwamba kila nilichowaambia toka mwanzo kilikuwa kweli, hata ile ignisheni ya elektroniki niliyofunga badala ya platini nilishawajulisha mwaka ninaifunga, ipo kwenye faili.

Siku ya 63
Ofa ya pili. Karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Bado hasara kamili, ila sasa namba ni ya gari, siyo ya chuma chakavu.

Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimeliweka moyoni toka siku ya 9: mabaki nani anachukua? Kawaida wakikulipa yote gari inakuwa yao, wanaiuza mnada. Ukitaka ibaki kwako wanakata thamani ya mabaki kwenye malipo. Wakataja namba ya mabaki, nikaona kubwa, nikaomba wanionyeshe zabuni waliyopokea, ikashuka kidogo. Kabla hujakubali ulizia gari iliyoandikwa hasara kamili inasajiliwaje tena kwenu, ukaguzi gani, kadi inawekwa alama gani, maana kuna sehemu hairuhusiwi kurudi barabarani kabisa. Mimi niliulizia, nikapewa masharti kwa maandishi, ndo nikakubali.

Siku ya 70
Fomu ya malipo. "Malipo kamili na ya mwisho, madai yote." Niliisoma mara tatu, maana ukisaini hapo umemaliza, hata ukigundua kitu kesho. Shingo yangu ilikuwa bado inasumbua asubuhi na ile ni klemu ya kwangu kwa aliyenigonga, siyo ya gari. Nikaomba waandike "madai ya uharibifu wa gari" peke yake. Walibadilisha siku hiyohiyo, bila ubishi. Sentensi moja tu.

Siku ya 118
Pesa iliingia wiki ya kumi na tatu, nikamalizana na yadi, na leo imerudi. Fundi bodi kapima mishazari ya mbele kwa futi, kona kwa kona, upande mmoja umezidi mwingine kwa milimita 17. Anasema inavutika. Nyuma hatuvuti, tunakata tunaweka kipande kingine, nimepata saluni iliyokufa mbele. Gia boksi nitaishusha mwenyewe wiki ijayo. Na gari hii haitoki hapa bila mkataba wa thamani iliyokubaliwa, nimeshaongea na kampuni mbili, wanataka ukaguzi na picha, picha ninazo.

Jioni tuliifungua buti kwa mtaimbo, watu wawili. Mipira ya milango ilikuwa humo kwenye mfuko wake, mizima, haijaguswa hata kidogo. Saa ya dashibodi kioo kimepasuka. Sijaijaribu kwenye betri bado.