Usiku Mmoja Nje ya Kibirizi

Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, na ndiye aliyeniombea nafasi katika chombo cha rafiki yake usiku mmoja wa giza. Giza hilo ni la lazima, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu.

Chombo chetu kilikuwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu ulining'inia katikati. Taa zilipowashwa tukangoja. Dagaa walianza kuzunguka chini ya mwanga, kwanza wachache, kisha wengi hata maji yakawa ya rangi ya fedha, na nyuma yao wakaibuka migebuka waliokuja kuwala. "Tulia, mwanangu, usigonge ubao," nahodha aliniambia kwa sauti ya chini, "hawajakusanyika bado." Wavu ulipopandishwa, nilivuta kamba pamoja na vijana mpaka viganja vikawaka moto, na dagaa wakamwagika miguuni mwetu wakirukaruka.

Chini yetu kulikuwa na ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, lenye aina zaidi ya 200 za samaki wasiopatikana kwingine kokote. Ziwa hilohilo, linalolisha watu wa nchi nne, wageni wengi hulifanya njia tu ya kuwafikia sokwe wa hifadhi za Gombe na Mahale. Sokwe wanastahili safari hiyo, sibishi, lakini inaniuma kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe halihesabiwi kuwa kivutio.

Asubuhi, wakati akina mama wakipatana bei na kutandaza dagaa juani, niliwaona watalii wawili wakisubiri boti ya Gombe, wameyapa mgongo mavuno yote yale. Mjomba akawakaribisha, akawaonyesha namna ya kumtofautisha dagaa na mgebuka mchanga, nao wakauliza maswali mfululizo mpaka boti ikaita. Mmoja alitaka kujua anayepeleka wageni kuvua usiku ni nani, alipe apande. Mjomba alimjibu kwamba hakuna, kwa sababu hajawahi kuja mgeni akaliomba jambo hilo.