Simu ndiyo inanisomea turbo

Wadau wa turbo, hii ELM327 (kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari) niliyochomeka chini ya usukani imenifungua macho. Subaru Forester XT yangu haina geji ya boost, yaani presha ya ziada ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini, kwa hiyo simu ndiyo inanisomea kupitia programu ya Torque. Asubuhi hapa Nairobi, swichi iko ON lakini injini haijawashwa, presha ya manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini) inasoma kama kPa 83. Nikashuka Mombasa, gari lile lile, ikasoma 101. Hakuna kilichoharibika, ni hewa ya huku juu tu ilivyo nyepesi. Kwa hiyo ukitaka boost halisi, kwenye namba unayosoma toa kwanza presha ya hewa ya mahali ulipo.

Wakati wa kurudi, kwenye mlima wa Salama nyuma ya malori, mshale wa joto umetulia katikati, kumbe namba ya joto la injini kwenye simu inapanda: nyuzi 92, 96, 101... Nikazima AC, nikalegeza mguu, ikaanza kushuka. Mshale haukutikisika hata kidogo!

Ila programu haisomi kila kitu. Presha ya oili kwangu haimo kabisa, kuna taa nyekundu tu, na hiyo ikiwaka turbo huenda imeshaumia. Nikanunua geji ya kidijitali yenye sensa yake, fundi akaifunga kwenye bloku ya injini. Injini ikiwa moto na sijakanyaga mafuta, inakaa karibu na bar 1; nikikanyaga, inapita 3.

Na ukipaki siku nyingi, ichomoe hiyo ELM. Inakula betri polepole.