Sheria za ndoa za Hammurabi kwa Kiswahili: nimefika kifungu cha 142

Nilijiwekea kutafsiri vifungu 37, kuanzia cha 128 hadi cha 164, sehemu inayobeba mambo mengi ya ndoa katika sheria za Hammurabi, aliyetawala Babeli takriban 1792 hadi 1750 KK. Mpaka jana usiku nimemaliza 15. Maandishi nayalinganisha na picha za jiwe lenyewe zilimochongwa sheria hizo, lile jeusi la mita 2.25 lililochimbuliwa Susa, Iran, msimu wa 1901 na 1902, ambalo sasa liko Louvre, Paris.

Kifungu cha 128 ni sentensi moja tu, lakini kilinila siku nne. Kinasema mtu akioa mke bila kuweka riksatum, mwanamke huyo si mke. Mwanzoni niliandika "mkataba", nikaona limekaa kiofisi mno. Nikarudi kwenye kamusi ya Kiakadi, lugha ya sheria hizo: neno hilo limetokana na rakasum, kufunga, kama mtu anavyofunga kamba. Nilifurahi mno! Ndoa kwetu hufungwa. Fundo lilikuwa mdomoni mwangu siku zote. Sasa kinasomeka: "Mtu akioa mke pasipo kufunga makubaliano juu yake, mwanamke huyo si mke."

Kilichonikwamisha hasa ni mahari. Wababeli walikuwa na terhatum, fedha ambayo muoaji hupeleka kwa baba wa binti, na sheriktum, mali ambayo binti hutoka nayo kwa baba yake. Zote mbili nilikuwa naziita mahari. Nilipofika cha 138, kuhusu mume anayemwacha mke ambaye hakumzalia watoto, rasimu yangu ikawa: "ampe fedha sawa na mahari yake na amrudishie mahari yake". Nilimsomea mama akiwa anachagua mchele. Akainua uso: "Hiyo ya pili si mahari, mwanangu. Hivyo ni vitu vyake alivyotoka navyo kwao."

Basi terhatum nimeiachia jina la mahari, na pembeni nimeeleza kuwa ilikwenda kwa mkwe, kama ng'ombe wa mahari wanavyokwenda kwa baba katika jamii nyingi za bara, tofauti na mahari ya Kiislamu ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Sheriktum nimeiita "mali aliyotoka nayo kwao". Ni ndefu, lakini msomaji hapotei.

Cha 139 na 140 vilipita haraka: pasipokuwa na mahari, mume anayemwacha mke hutoa mina moja ya fedha, kama nusu kilo hivi, akiwa mtu wa tabaka la chini, thuluthi ya mina.

Kisha 142, ninachokipenda kuliko vyote mpaka sasa. Mke amemchukia mumewe, anamwambia, "Hutanigusa." Shauri lake linachunguzwa katika babtum yake. Nimeandika "mtaa", na kila nikikisoma nawaona wajumbe wa nyumba kumi wamekaa barazani, majirani wanaitwa mmoja mmoja kueleza wanayoyajua ya nyumba ile. Ikionekana mke amejitunza na mume ndiye mzururaji anayemdunisha sana, mwanamke hana hatia: anachukua mali aliyotoka nayo kwao na kurudi kwa baba yake.

Cha 143 ni upande wa pili wa shauri hilohilo. Ikionekana mke ndiye mzururaji, anavunja nyumba na kumdunisha mume, anatupwa majini. Nimekisoma mara tatu bila kuandika neno. Sitakilainisha, kitaingia kilivyo, jirani na 142.

Cha 148 nimeshakiandikia rasimu ya kwanza. Mke akishikwa na ugonjwa uitwao la'bum, mume anaruhusiwa kuoa mwingine, ila huyu mgonjwa hamwachi: atakaa katika nyumba, na mume atamtunza maadamu yu hai. Hapo kwenye "atamtunza" nilikuwa nimeandika "atamlisha". Nimelifuta leo asubuhi.