Siku moja maishani mwangu: kutunza ubaridi wa chakula kambini, mbali na gridi ya umeme

Saa 11 alfajiri

Kabla hata ya kuwasha jiko, husoma namba mbili. Ya kwanza imo kwenye kipimajoto ambacho kihisio chake kimelazwa katikati ya vyakula ndani ya friji, huku kioo chake kikiwa kimebandikwa nje ili nisilazimike kuinua mfuniko. Ya pili ni volti za betri. Leo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 3 za Selsiasi, na kumbukumbu yake inasema kwamba usiku kucha joto halikuvuka nyuzi 4. Betri nayo, kompresa (pampu inayoipoza friji) ikiwa imenyamaza, inasoma volti 12.4. Hiyo ni hali njema. Betri yetu ni ya risasi na asidi, ya ampea-saa 100, na betri ya aina hiyo ikipumzika kwenye volti 12.2 huwa imebakiwa na takriban nusu ya chaji yake. Hapo ndipo ninapoweka mpaka, kwa kuwa kuikausha zaidi ya hapo mara kwa mara huifupishia maisha.

Mimi ni mpishi na mtunza stoo wa kambi ya watafiti wanaolala kwenye mahema kwa wiki kadhaa mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Tuna paneli 2 za sola za wati 100 kila moja, betri hiyo moja, friji ya kompresa ya volti 12 yenye chumba cha kugandisha na chumba cha kupooza, na sanduku la barafu lisilotumia umeme kabisa. Wageni hudhani kwamba vifaa hivyo ndivyo vinavyotunza chakula. Kwa maoni yangu, kinachokitunza ni mpangilio wa saa. Jua hupatikana mchana, ubaridi unahitajika saa zote 24, na kazi yangu ni kuivusha ziada ya adhuhuri hadi alfajiri inayofuata.

Saa hii hewa ni baridi kuliko saa nyingine yoyote, kwa hiyo vinywaji vilivyolala nje usiku kucha huingia kwenye sanduku la barafu sasa hivi, kabla jua halijavipata. Ubaridi huo nimepewa bure na usiku. Kisha nafungua friji mara moja, natoa kila kitakachohitajika hadi mchana, na kuifunga.

Saa 1 asubuhi

Kifungua kinywa hupita haraka. Kijana anayenisaidia jikoni, ambaye ana wiki moja tu kambini, ameweka mkono juu ya mfuniko wa friji.

"Dada, nifungue tu mara moja nichukue maji baridi?"

"Maji yamo kwenye sanduku la vinywaji, mdogo wangu. Friji hii tusiifungue mpaka mchana."

Vinywaji huombwa kila baada ya dakika chache, ilhali nyama na maziwa huhitajika mara mbili au tatu kwa siku. Vikikaa pamoja, nyama hulipia kiu ya kambi nzima. Ndiyo maana nimevitenganisha, na ndiyo maana vilevile napenda friji inayofunguliwa kwa juu: hewa baridi ni nzito, hivyo hubaki imetuama chini mfuniko unapoinuliwa, lakini friji ya mlango wa mbele humwaga hewa yake miguuni pa anayeifungua.

Jambo jingine ambalo humwambia kila anayeanza kazi hii ni kwamba njia rahisi zaidi ya kuokoa umeme ni kutokipa ubaridi kitu kisichouhitaji. Vitunguu, viazi, nyanya na matunda mengi hukaa vizuri kwenye kivuli chenye hewa. Maziwa ya unga na samaki wa kopo hayahitaji friji mpaka yachanganywe na maji au kopo lifunguliwe. Kila kitu cha aina hiyo kinachoondolewa hupunguza mzigo wa kompresa, na nafasi inayobaki huenda kwa vile vinavyoharibika kweli.

Saa 3 asubuhi

Kambi imebaki tupu, nami nashughulikia paneli. Kwanza nazipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha nazigeuza zilitazame jua sawasawa, kazi ambayo nitairudia adhuhuri na tena alasiri. Halafu natazama vivuli. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo seli moja ikifunikwa huubana mkondo wa zile zilizofuatana nayo, na kivuli cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wote. Leo kitawi chembamba kimeangukia pembe ya paneli ya pili. Nakitazama kipimo cha kidhibiti chaji, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, wakati nikiisogeza paneli hatua mbili, na ampea zinapanda papo hapo. Chini ya paneli naacha nafasi ya hewa kupita, maana seli zikichemka sana hutoa umeme mdogo zaidi hata jua likiwa kali.

Paneli zinataka jua na friji inataka kivuli, hivyo pana umbali wa mita 10 kati yake, na hapa ndipo kambi nyingi hupoteza chakula bila kujua sababu. Kompresa yetu hutumia takriban wati 45 inapofanya kazi, yaani karibu ampea 4. Mkondo huo ukipita kwenye waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, karibu volti nzima hupotelea njiani. Betri itakuwa na volti 12.2, friji itaona 11.3, na kinga yake ya volti ndogo itaizima ikidhani kwamba betri imekwisha. Kwa hiyo mimi huiweka betri karibu kabisa na friji, kwa waya mfupi na mnene, kisha umbali wote nauacha upande wa paneli, ambazo hutoa volti kadhaa zaidi ya zile zinazohitajika kuchaji betri. Viungo vyote nimevikaza kwa nati. Vibanio vya kubana tu hulegea na kupata kutu.

Saa 5 asubuhi

Hii ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote. Kidhibiti chaji kinaonyesha kwamba betri inakaribia kujaa, na kuanzia sasa, nisipofanya lolote, kitaanza kuubana umeme wa paneli kwa sababu hauna pa kwenda. Jua la saa bora za siku lingepotea hivyo. Basi nakishusha chumba cha kugandisha hadi nyuzi 15 chini ya sifuri na kuingiza chupa 3 za lita moja, zilizojazwa maji hadi chini kidogo ya shingo, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hadi mdomoni hupasuka.

Hesabu yake ni nzuri, nami huieleza kwa furaha kwa yeyote mwenye subira ya kunisikiliza. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu bila hata kuanza kupata joto, hufyonza kilojuli 334, ambazo ni sawa na wati-saa 93 hivi. Chupa 3 zina uwezo wa kufyonza karibu wati-saa 280 za joto, na hilo linakaribia joto lote linalopenya kuta za chumba cha kupooza usiku mzima. Barafu hiyo ni betri ya pili ya kambi, isiyochakaa na isiyohitaji fyuzi. Chupa hizi sikuziacha zipate joto baada ya kutumika. Nilizitoa alfajiri zikiwa bado na vipande vya barafu na kuzifunga ndani ya blanketi mpaka saa hii, kwa sababu kuyapoza maji ya nyuzi 25 hadi sifuri kungegharimu karibu theluthi moja zaidi ya kule kuyagandisha.

Wengine hutia chumvi kwenye maji ili barafu iwe baridi zaidi, na ni kweli kwamba maji yenye chumvi ya kutosha huganda kwa nyuzi zinazofika hata 21 chini ya sifuri. Barafu hiyo inafaa kwa vyakula vilivyogandishwa. Kwa maziwa na mboga nachagua maji matupu, ambayo yanapoyeyuka hushikilia nyuzi sifuri kwa utulivu bila kugandisha majani na kuyaharibu.

Saa 8 mchana

Joto limefika kilele chake. Chakula cha mchana ni kile nilichotoa alfajiri, kwa hiyo mfuniko unafunguliwa mara moja tu, kutoa vya jioni.

Mboga za majani zimo kwenye kasha la waya lililofunikwa gunia lenye maji, mahali panapopitwa na upepo. Wachimbaji dhahabu wa Coolgardie, Australia Magharibi, walitumia kasha la namna hii tangu miaka ya 1890, na bado sijaona sababu ya kuliacha. Maji yanapogeuka mvuke hufyonza joto takriban mara 7 ya lile linalofyonzwa na barafu ya uzito uleule inapoyeyuka. Ila yanahitaji hewa kavu: siku za unyevunyevu gunia hubaki limelowa na mboga hubaki na joto lake. Nyama na maziwa sivipeleki huko kamwe, kwa sababu hata siku kavu kasha haliwezi kufika nyuzi 4.

Kwa sababu hiyohiyo siyaamini masanduku madogo ya umeme yasiyo na kompresa, yanayopoza kwa vibamba vya Peltier, yaani vibamba ambavyo umeme ukipita upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Hupunguza joto kwa nyuzi 20 hivi chini ya hewa iliyoyazunguka, na hutumia umeme karibu bila kupumzika. Hewa ikiwa na nyuzi 36, chakula kitakaa kwenye nyuzi 16, ambapo bakteria huzaana vizuri kabisa.

Saa 10 jioni

Gari la mahitaji limefika. Dereva anashusha vifurushi, lakini mimi naanza na kipimajoto cha sindano, ambacho nakibana kati ya pakiti mbili za nyama zilizopakana bila kutoboa yoyote. Kinasoma nyuzi 1 chini ya sifuri, na kingo za pakiti bado ni ngumu kama jiwe. Napokea. Pakiti moja ya samaki iliyokuwa juu kabisa ya kasha inasoma nyuzi 9, na dereva hana hakika ilikaa juu ya barafu kwa muda gani. Hiyo siipokei, wala siipeleki puani kuinusa, kwa maana bakteria wanaougulisha watu mara nyingi hawabadilishi harufu ya chakula.

Nyama niliagiza igandishwe ikiwa imelazwa bapa, kila pakiti ikitosha mlo mmoja. Pakiti bapa huganda na kuyeyuka kwa kasi inayotabirika, na hupangika kama vitabu bila kuacha mianya ya hewa. Zile za siku za mwisho wa wiki zinaingia chumba cha kugandisha. Zile za kesho na kesho kutwa zinakwenda chini kabisa katika chumba cha kupooza, ndani ya bakuli lenye mfuniko, ili majimaji yake yasidondokee chochote, na zinapoyeyuka polepole humo huwa zenyewe zinasaidia kupooza.

Bonge la barafu lililoletwa linaingia sanduku la barafu likiwa zima. Bonge lina uso mdogo kwa uzito wake, hivyo huyeyuka taratibu kuliko vipande vidogo vya uzito uleule.

Saa 1 usiku

Tumekula, na pamebaki lita 3 za mchuzi. Wenye njaa ya kesho wangependa niuingize kwenye friji hivi ulivyo. Mchuzi wa nyuzi 70, ili ufike nyuzi 5, lazima uachie karibu kilojuli 800, yaani zaidi ya wati-saa 220 za joto, ambazo zingekula sehemu kubwa ya barafu yangu ya usiku na kuyapasha joto maziwa yaliyo jirani. Naumimina kwenye sinia mbili pana, naziweka juu ya beseni la maji baridi na kukoroga. Chakula hakipaswi kukaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa zaidi ya saa 2, au saa 1 hewa inapozidi nyuzi 32, kwa hiyo naandika muda kwenye kipande cha karatasi kando ya beseni. Baada ya dakika 40 sinia zimepoa kabisa, nami nauhamisha mchuzi kwenye bakuli na kuufunga. Kwa kawaida, hata hivyo, napika kiasi kinachomalizika.

Saa 3 usiku

Chupa 3 zimeganda hadi kiini. Nazitikisa na hakuna maji yanayocheza ndani. Nazihamishia chumba cha kupooza, moja katikati na mbili juu ya vyakula, kwa kuwa ubaridi hushuka. Chumba cha kugandisha nakipandisha hadi nyuzi 8 chini ya sifuri, nafuu inayotosha kwa usiku mmoja, na kompresa sasa itawaka kwa vipindi vifupi tu. Natandika blanketi juu ya mfuniko na pande tatu, nikiuacha wazi upande wa matundu ya kompresa, maana ikikosa hewa ya kutolea joto itafanya kazi mara mbili kwa matokeo yaleyale.

Betri inasoma volti 12.6. Upande wa mashariki kuna mawingu mazito, na huenda kesho paneli zikatoa sehemu ndogo tu ya umeme wa leo. Nabadilisha ratiba ya mapishi ubaoni: nyama mbichi yote iliyomo kwenye chumba cha kupooza ipikwe asubuhi badala ya kugawanywa kwa siku mbili, samaki wa kopo wawe chakula cha jioni, na simu zichajiwe baada ya saa 8 mchana, iwapo tu betri itakuwa imevuka volti 12.5.