Moto wa Atlanta una mwenyewe

Wikiendi hii nimejifungia ndani naangalia filamu ya Gone with the Wind ya 1939, ile sini ya mji wa Atlanta unaungua nikairudisha mara kibao, nikasema hapana, huu moto kuna mtu kakaa chini akaupanga, nikaanza kuchimba. Kumbe ni William Cameron Menzies bana! Desemba 1938 walichukua maseti makuukuu yaliyojazana nyuma ya studio kule Culver City, ukiwemo ule ukuta mkubwa wa filamu ya King Kong, wakayapiga kiberiti usiku huku kamera za rangi zinarekodi, yani hapo hata dada wa kucheza Scarlett, mhusika mkuu, alikuwa bado hajateuliwa, kwenye mkokoteni wamepanda mastanti tu 😂 Na eneo si lilitakiwa kusafishwa wajenge seti mpya, kwahiyo kazi mbili kwa moto mmoja, akili hiyo.

Huyu mzee alikuwa anaichora filamu kwenye karatasi kabla haijapigwa, kamera ikae wapi, mwanga utokee wapi, rangi gani, mpaka bosi wake Selznick, prodyuza wa filamu, akampa cheo kipya kabisa, mbunifu wa prodaksheni. Oscar ya kwanza ya usanifu wa seti, 1929, alibeba yeye. Halafu watu wanamtaja staa wa filamu Clark Gable tu, mi naona kaonewa kabisa.