Jinsi nilivyoandika wasifu wa baba, injinia wa Jinja

Baba alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri, kama ilivyo desturi yetu Waislamu, kwa hiyo makaburini hapakuwa na nafasi ya maneno marefu. Familia iliamua kwamba wasifu wake usomwe siku ya arobaini, na kazi ya kuuandika nikakabidhiwa mimi. Nilikuwa na vyeti vyake na barua za kupandishwa cheo, lakini karatasi hizo peke yake zingetoa maelezo ya mwomba kazi, si ya mtu tuliyeishi naye Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, Uganda.

Nilianza na tarehe. Mama hakumbuki miaka kwa namba. Hukumbuka watoto wake na misukosuko ya nchi. Nikaandika upande mmoja matukio yanayojulikana: Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, serikali yake kuangushwa 1979, bwawa la umeme la Owen Falls, alikofanya kazi baba, kupewa jina la Nalubaale mwaka 2000, na Bodi ya Umeme kugawanywa mwaka uliofuata. Upande wa pili niliuacha wazi kwa ajili ya mambo ya nyumbani. Mama aliposema, “Dada yako alikuwa bado ananyonya Wahindi walipoondoka, na baba yako ndiyo kwanza ameanza zamu za usiku,” mambo mawili yalipata mwaka wake kwa mkupuo mmoja.

Upande wa kazi ulikuwa mgumu zaidi, kwani mimi ni mwalimu na mitambo siijui. Nilimwendea mzee mmoja waliyefanya kazi pamoja, nikamwomba asinitajie sifa za marehemu bali anieleze kazi moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Alichagua ukarabati wa kituo cha umeme cha Owen Falls katika miaka ya 1990. Kituo hicho kilichofunguliwa mwaka 1954 kina mitambo 10. Kila mmoja uliundwa utoe megawati 15, na ukarabati ukaufikisha 18, ndiyo sababu uwezo wa kituo kizima ulipanda kutoka megawati 150 hadi 180. Alinieleza jinsi milango ya maji inavyoteremshwa, maji yaliyobaki yanavyoondolewa, kisha mafundi wanashuka mahali ambapo Nile ilikuwa ikipita kwa nguvu zake zote. “Baba yako, mwanangu, hakumruhusu fundi yeyote kushuka kabla hajaikagua ile milango kwa macho yake mwenyewe.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa njia ya kuunganisha kazini na nyumbani, kwa sababu sisi watoto tulimjua kwa ukaguzi huohuo. Akirudi kutoka zamu ya usiku hakulala hadi apitie madaftari yetu, aangalie viatu, na kumuuliza mama kama kuna aliyekohoa usiku. (Wakati huo tuliuita ukali, na hata sasa siwezi kusema haukuwa ukali kabisa.) Niliyaandika hayo mara tu baada ya habari ya milango ya maji, bila kuyafafanua.

Ami alitaka vyeo vyote vitangulie. Kwa heshima yake niliviorodhesha vyote, ila katika ukurasa wa mwisho, naye akakubali baada ya kusikia rasimu ikisomwa. Nakala tuligawa kwa ndugu wote, na moja nikampelekea yule mzee, ambaye aliniongezea pembeni majina ya mafundi wa zamu yao.